Mwalikaji wa Kiponda

Kama umeoa, umeolewa au umeozesha mtoto Kiponda, Malindi au Hurumzi miaka hii ya karibuni, basi Bi Sichana Kheir ameshapiga hodi kwa watu kwa ajili yako. Yeye ni mwalikaji. Mwenye shughuli humtuma, naye hupita nyumba hata nyumba akiwaalika wanawake kwa mdomo wake. Kupita anaweza kupita yeyote mwenye miguu. Kupita na watu wakaja, hiyo ndiyo kazi, na kwa kazi hiyo Mji Mkongwe bado haujamzaa wa kumfikia. Harusi aliyoialikia Bi Sichana haijapata kubaki na mkeka mtupu, na wenye shughuli huongeza sufuria moja ya pilau kila wakikumbuka ni yeye aliyepita.

Ana utaratibu wake, na ole wake atakayeucheka. Huvaa doti mpya ya kanga chini ya buibui lililopigwa pasi, akachukua mrashi wa fedha, kichupa cha kunyunyizia marashi, alioachiwa na mama yake. Huanzia nyumba ya mbali kabisa, akarudi nyumba kwa nyumba kuelekea kwao, kwa sababu ukianza na jirani, asema, wa mbali hujiona amepewa makombo. Akikaribishwa ndani haketi kwanza. Mwenye nyumba hukunjua viganja, yeye humnyunyizia marashi, ndipo anapoyatoa maneno: "Nimetumwa na Bi fulani. Anakusalimu sana, na Ijumaa baada ya alasiri anakutakeni nyote, wakubwa kwa wadogo." Baada ya hapo ndipo huketi, akapewa chai, akazisikia habari zote za nyumba ile, na za nyumba ya pili pia.

Jambo moja tu halijapata kumfika, nalo ni kualikwa. Watu humwona yeye ndiye mwaliko wenyewe, sasa nani atamwalika? Harusini huwekwa mbele na hufungiwa sinia la kurudi nalo, lakini hodi ya kuja kumwita yeye, mlangoni kwake, hajaisikia tangu awe mtu mzima. Hulifanya mzaha. "Kinyozi hajinyoi," husema, kisha hubadilisha mazungumzo haraka kidogo kuliko ilivyo kawaida yake.

Kisha zikaja simu. Siku hizi mwaliko ni kadi yenye maua yanayometameta, hutupwa kwenye kundi la WhatsApp, watu mia wakaweka kidole gumba, na siku ya siku wakaja thelathini. Bi Sichana hakulalamika. Alianza kupika mikate ya kumimina ya kuagizwa, na mrashi akauweka kabatini, akiutoa mara moja moja kuusugua kwa ndimu usije ukapata weusi.

Nyumba yao ni ya ghorofa moja, na juu hukaa mwanawe wa pekee, Khairat, aliyesomea kuchora katuni kwa kompyuta. Baba yake alishafariki. Kwa miaka mitatu Khairat alikuwa akichora vibonzo vya matangazo ya sabuni na ya hoteli, huku kichwani ana hadithi za kutosha kujaza televisheni nzima. Mwezi wa Rajabu aliitwa kazini Doha, kwenye studio kubwa, na alitakiwa ajibu kabla ya Ramadhani.

"Kazi ya kutafuta kwa tochi hii, Mama," alisema. "Angetokea mtu akafungua studio hapa, nsingekwenda popote. Lakini nani atakuja hapa?"

Bi Sichana hakutaka mwanawe aende. Alitaka abaki, alitaka kwa mwili mzima, mpaka chakula kilikuwa hakishuki. Lakini hakusema. Mdomo uliozoea kuwaambia watu karibuni haukujua kumwambia mtu asiondoke, basi alimwongezea mwanawe mchuzi.

Sasa, mjini kulikuwa na kijana akiitwa Mansour, mtu wa ofisi inayotafuta makampuni ya filamu, muziki na katuni yaje kuwekeza visiwani. Alikuwa mchapakazi. Maneno ya msamaha wa kodi na umeme wa uhakika aliyasema mpaka mkewe akayahifadhi. Safari nyingi na vikao vingi, mwisho samaki akagusa ndoana: mama mmoja wa Malaysia, Bi Noraini, mwenye kampuni ya tamthilia na katuni. Alikuwa akitafuta mahali pa kujenga tawi lake la Afrika, na alishabakisha sehemu mbili, Unguja na kisiwa kingine ambacho sikitaji, wenyewe wana ndugu hapa. Angekuja Jumamosi moja ya Shaabani. Asubuhi wangepiga picha kipande kifupi cha tamthilia kwenye uchochoro wa Kiponda, kuona kama mjini panafanyika kazi. Halafu angeonyeshwa ghala la zamani la karafuu, palepale uchochoroni, ambalo serikali ilikuwa tayari kumkodisha.

Lililomnyima Mansour usingizi lilikuwa uchochoro. Mwaka wa nyuma walikuja wapiga filamu wengine, vibali vyote mkononi, wakafunga kamba na kuweka taa bila ya kumsalimu hata paka. Watu wa Kiponda hawakugombana nao. Waliendelea tu na maisha yao. Muuza kahawa aligonga vikombe, kinu cha kisamvu kilitwangwa kuliko siku zote, na Bi Time wa nyumba ya kona, mtu mzima na heshima zake, alianika mashuka mabichi kutoka dirisha hili mpaka lile, na kila alipoombwa ayaondoe alijibu kwa adabu kubwa kwamba hayajakauka. Wageni walikaa siku mbili, wakaenda zao.

Mansour aliuliza ni nani mtaani anayesikilizwa. Khairat, aliyekuwa ameshachukuliwa awe mkalimani wa Bi Noraini, alijibu bila ya kufikiri: "Mama yangu."

Kazi aliyopewa Bi Sichana ilikuwa nyepesi. Apite awaombe watu, Jumamosi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakae ndani, uchochoro uwe mtupu, na kelele zisiwepo. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akapanda juu kumtazama mwanawe anayechora. Lile begi jipya la safari lilikuwa limesimama pembeni ya kitanda. Alishuka, akafungua kabati, akautoa mrashi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa heshima. Aliona kwenda kuwaomba watu kwa mikono mitupu ni utovu wa adabu, basi akavaa doti mpya, akapiga pasi buibui, akaanzia nyumba ya mwisho karibu na Malindi. Watu hawakuwa wamemwona na mrashi kwa muda mrefu. Kila mlango uliofunguliwa ulifunguliwa kwa furaha, viganja vikakunjuliwa kabla hajasema kitu. Alisema aliyotumwa: kuna wageni, kuna studio itafunguliwa inshallah, Jumamosi uchochoro uwe kimya. Wote waliitikia vizuri. Na wote, kila nyumba, walimaliza na swali lilelile.

"Na sisi tuje, Bi Sichana?"

Hapa ndipo palipotakiwa neno moja tu, msije. Lakini mwalikaji hajapata kusimama kwenye ukumbi wa mtu, marashi yake yamo viganjani mwa mwenye nyumba, akamwambia asije. Hata kama ungemwekea kisu. Bi Sichana alifungua mdomo, na mdomo ukasema ulichozoea.

"Karibuni," alisema. "Nyote."

Alirudi nyumbani akijiambia kwamba lile ni neno la adabu tu, watu wazima wataelewa. Watu wazima walielewa sana. Ijumaa baada ya sala, jirani yao Faiza alipiga hodi, doti ya kanga mkononi, bado ina harufu ya duka la Darajani.

"Khairat, sare hii ya kesho. Bi Time kachagua zambarau, wote tushanunua. Ntaka kujua tu, tuje kabla ya wageni au baada yao? Maana pilau tushagawana masufuria."

Khairat aliketi kwenye ngazi. Alisubiri mpaka Faiza alipotoka, ndipo akaita, "Mama."

"Naam."

"Umewaalika?"

Bi Sichana alitoka jikoni, unga umemjaa viganjani. Aliitazama kanga ile ya zambarau, akajua. "Waliniuliza waje," alisema. "Ningewajibu nini?"

Mansour alipopewa habari alikuja mbio, jasho linamtoka. Alisema la kufanya ni moja, wapite watu wa ofisi sasa hivi wawaambie wasije. Bi Sichana alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alimpenda, kisha akamwambia taratibu.

"Mwanangu, mwaliko haurudishwi. Mlango nloupiga hodi kwa heri siendi kuupiga kwa shari. Na ukiwapeleka watu wako, kesho utayaona mashuka ya Bi Time yanakwenda mpaka Forodhani."

"Bi Sichana, mama yule akikuta harusi pale, tumekwisha. Atapanda ndege kesho jioni." Mansour alisema hivyo na kumtazama Khairat, na Khairat akatazama chini. Wote watatu walijua nani mwengine angepanda ndege.

Bi Sichana alirudi jikoni, akaukoroga unga ambao haukuhitaji kukorogwa tena. Alikuwa na hofu, na aibu juu yake. Maisha yake yote alijivunia kwamba akipita watu huja, na sasa kule kuja kwao ndiko kungemfukuzia mwanawe. Alifikiria harusi zote alizozialikia, moja baada ya moja, jinsi anavyofikiri mtu anayetafuta ufunguo aliouweka mwenyewe. Wanaume huenda msikitini kufunga ndoa. Wanawake hawaoni. Hukaa kwao wamejipamba, wanangoja kimya habari zije, na zikija ndipo vigelegele hupaa. Hapana aliyewahi kuona amedharauliwa kwa kungoja. Kungoja ndiyo harusi yenyewe.

Aliosha mikono. "Mansour," alisema, "ghala lile ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi. Lakini yeye atakuja kuliona likiwa tupu. Nshaandaa michoro ya kumwonyesha chumba gani kitakuwa wapi."

"Mikeka je, inaingia?"

Alasiri ile alipita tena na mrashi, kuanzia nyumba ileile ya mwisho. Hakufuta kitu. Harusi hubadilishwa ukumbi, haifutwi, na hilo kila mwanamke wa Unguja analijua. Alisema kwamba kesho uchochoro ni kama msikiti, humo ndimo ndoa itakapofungwa, na wanawake watangoja ghalani. Waje mapema, kabla ya jua kupanda. Ndoa ikishafungwa wataletewa habari, na mpaka hapo hata kikohozi kimezwe. Bi Time alinusa viganja vyake, akauliza bwana harusi ni nani.

"Studio," alisema Bi Sichana.

"Na biharusi?"

"Sisi."

Bi Time alifikiri kidogo. "Basi mahari yawe mazuri," alisema, akaagiza mtoto wake wa kike akayatoe mashuka kwenye kamba.

Jumamosi kulipopambazuka uchochoro wa Kiponda ulikuwa mtupu, umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Muuza kahawa mwenyewe aliviringisha vikombe vyake katika taulo. Bi Noraini alikuja na watu wake wanne na kamera mbili, mama mfupi, mtandio wa kijani, macho ya kuona kila kitu. Walipiga picha mlango unafunguliwa, wakarudia. Mwigizaji alipita na kapu, wakarudia. Khairat alisimama pembeni akifasiri, na kila kimya kilivyozidi kurefuka ndivyo alivyozidi kuliangalia ghala, kwani alijua kwamba nyuma ya ukuta ule, hatua chache tu, wamekaa wanawake wasiopungua mia, na miongoni mwao wapo ambao hawajanyamaza tangu mapinduzi.

Na walinyamaza. Wallahi walinyamaza. Bi Sichana alisimama ndani ya mlango wa ghala, kidole mdomoni, akiwatazama safu kwa safu wameketi kwenye mikeka, zambarau tupu kutoka ukuta mpaka ukuta, mapepeo yanakwenda bila ya sauti, na kifua chake kikajaa mpaka akaona haya. Hakuna kundi la simu lililoweza kufanya hivi. Hakuna kadi.

Kabla ya adhuhuri kazi ikaisha. Mansour, makabrasha ya michoro kwapani, alianza kumweleza mgeni juu ya ghala, kwamba wataliona likiwa na, aa, likiwa na watu kidogo. Hakupata kumaliza. Bi Noraini alishausukuma mlango, na ghala zima likaona kuwa ndoa imeshafungwa.

Vigelegele vile vilisikika Darajani. Kuna muuza samaki alikula kiapo kwamba aliangusha changu. Watu wanne wa kamera walirudi nyuma, mmoja akawahi kuwasha mashine yake. Bi Noraini alisimama kizingitini, mkono kifuani, mpaka kelele zilipotulia. Bi Sichana hakujua la kufanya, basi akafanya analolijua. Alimwendea, akamwonyesha kwa ishara akunjue viganja, akamnyunyizia marashi. Mgeni aliyanusa. Akavua viatu, akaingia, akaketi kwenye mkeka kando ya Bi Time, ambaye palepale alianza kumpakulia.

Walipokwisha kula aliuliza, kwa mdomo wa Khairat, nani amewakusanya watu wote hawa. Mansour angeweza kusema ofisi. Alimwonyesha Bi Sichana, akasema ndiye mama wa mkalimani.

"Mwambie mama yako," alisema Bi Noraini, "kwetu kijijini nako jirani akiwa na shughuli huja watu kupika bila ya kuulizwa. Kila nchi nliyokwenda nimeonyeshwa barabara na kodi. Hakuna aliyenionyesha kama majirani wananitaka."

Khairat alifasiri. Bi Sichana alijibu kwamba pilau imezidi chumvi, amsamehe.

Usidhani mkataba ulitiwa saini siku ile. Mgeni aliondoka jioni bila ya kusema ndiyo wala la. Shaabani ikapungua. Doha wakaandika wakiuliza, Khairat akaomba siku mbili, wakampa, zikapita. Asubuhi ya mwisho alikuwa ameshakunja nguo kitandani, na mama yake amekaa mlangoni akimkunjia mitandio. Simu ililia. Alikuwa Mansour, na alikuwa anasema kwa sauti ya juu hata simu haikuhitajika. Bi Noraini amelichukua ghala. Wataanza wadogo, chumba cha kuchorea katuni na chumba cha sauti, na mchoraji wa kwanza anayemtaka ni yule mkalimani.

Khairat alikata simu. Bi Sichana aliendelea kukunja mtandio uleule uliokuwa umeshakunjwa. Halafu aliuweka chini, akalia, na wala hakujificha.

Ghala lilitengenezwa baada ya Idi. Siku ya ufunguzi ilipotangazwa kuwa Alhamisi, Bi Sichana alinunua doti mpya, akapiga pasi buibui, akakaa kungoja kutumwa. Jumatatu haikuja habari. Jumanne alimkuta Bi Time sokoni, akamwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba. Basi tutaonana Alhamisi inshallah," alisema Bi Time, kama mtu aliyeshaalikwa, akaenda zake.

Aliyeshaalikwa na nani? Bi Sichana alirudi nyumbani na kapu lake, moyo umemwinamia. Kadi, alijiambia. Wametuma kadi za simu kama kila mtu, na wana haki, wao ni kampuni. Alifungua kabati auweke mrashi nyuma kabisa, asiuone. Mrashi haukuwepo.

Alikuwa bado ameshika mlango wa kabati alipousikia mlango wa nje.

"Hodi."

Alikwenda kufungua. Kizingitini alisimama Khairat, buibui limepigwa pasi, doti mpya inachungulia kwa chini, vumbi la Malindi miguuni, na mrashi wa fedha umo mikononi mwake. Tangu asubuhi alikuwa akipita. Alikuwa amechoka, na alikuwa amesimama wima kama inavyotakiwa.

"Karibu," alisema Bi Sichana, kwa sababu ndilo neno lililokuwepo.

Khairat aliingia, hakuketi. "Nimetumwa na studio ya Kiponda," alisema. "Wanakusalimu sana, na Alhamisi baada ya alasiri..."

"Umeanza na maneno. Marashi kwanza," alisema mama yake. Kisha, taratibu: "Na mbona mimi nimekuwa wa mwisho?"

"Mwalikaji huanzia mbali, akamalizia kwao," alisema Khairat. "Wewe ndo ulonifunza."

Bi Sichana alikunjua viganja vyake, akavinyoosha mbele ya mwanawe, akangoja.